Jinsi ya Kumwona Mdudu Anayejifanya Jani: Mwongozo Kamili kwa Aliyetafuta Akakosa

Wengi mliojaribu kumtafuta mdudu anayejifanya jani mmenirudia na maneno yale yale: "Nimezunguka bustani nzima, nimepekua majani mpaka shingo imeniuma, sijaona kitu." Nimetembea na baadhi yenu, na kosa nimeliona. Mnatafuta mdudu. Mnatafuta kichwa, miguu, macho, kitu kinachotembea. Mdudu huyu ameshavificha vyote hivyo, na alichokuachia ukione ni jani. Basi tafuta jani lenye kasoro: lililokaa pasipostahili, lenye kivuli kisicho chake, linaloyumba wakati upepo umetulia.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka ya pili na ya tatu ukakimbilia ile ya tochi, utarudi mikono mitupu kama mara ya kwanza.

## Tunayemtafuta ni nani

Yule mdudu-jani anayeonekana sana kwenye picha, mwenye mapaja mapana kama vipande vya majani, bara kwetu hayupo. Makazi ya jamii yake ni kuanzia Asia ya Kusini hadi Australia, na upande wetu wa Bahari ya Hindi anapatikana Shelisheli. Usipoteze usiku wako kumtafuta Tanga au Kilifi.

Wa kwetu ni watatu, na kila mmoja ana namna yake ya kutafutwa.

Panzi-jani. Ni ndugu wa senene. Mabawa yake mapana ya kijani yana mishipa kama ya jani. Wataalamu wana majina kama *Eurycorypha* na *Zabalius*. Mimi hapa nitamwita panzi-jani.

Kivunjajungu wa jani kavu. Jina lake la kitaalamu ni *Phyllocrania paradoxa*. Ana urefu wa sentimita 5 hivi, na kichwani ana pembe iliyopinda kama ncha ya jani lililosinyaa.

Kipepeo wa magharibi, yaani wa jua linapozama, *Melanitis leda*. Akifunga mabawa chini ya mti, mbele yako hubaki jani moja kavu kati ya mengine elfu.

## Vifaa

Kusanya hivi kabla ya kutoka:

- Tochi ya kuvaa kichwani, na tochi nyingine ndogo ya mkononi. Zote mbili zina kazi, nitaeleza.
- Shuka jeupe kuukuu, au mwavuli wa rangi nyepesi.
- Fimbo yenye urefu wa mkono wako.
- Kopo la plastiki lenye mdomo mpana, kifuniko kikiwa kimetobolewa.
- Simu yenye kamera, rula ndogo, daftari na penseli. Kalamu ya wino huvujisha maandishi karatasi ikilowa.
- Mabuti na suruali ndefu.
- Ndizi nne zilizoiva kupita kiasi, kwa ajili ya kipepeo tu.

Usibebe dawa ya kupulizia wadudu. Ukihofia mbu, vaa mikono mirefu. Dawa uliyojipaka viganjani itamdhuru yule uliyekuja kumwangalia.

## Hatua ya 1: Chagua mahali na msimu

Anza nyumbani au kwa jirani, kwenye kichaka kisichopigwa dawa na kisichokatwa kila wiki. Mpera, mlimau, ua lililoachwa likajisokota, ukingo wa shamba unaopakana na msitu, zote ni sehemu nzuri. Ua lililonyolewa vizuri halifai, kwa sababu kila unapolikata unaondoa mayai na majani machanga kwa pamoja.

Msimu una uzito kuliko mahali. Panzi-jani ni wa mvua. Pwani hiyo ni masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Lakini usitoke wiki ya kwanza. Watoto wa *Eurycorypha* hawafanani na jani hata kidogo: wanafanana na sisimizi, kwa rangi na kwa mwendo ule wa haraka haraka. Wengi wenu mmewaona na kuwapita mkidhani ni sisimizi kweli. Acha mvua ikolee, majani yakomae, nao wakomae ndipo utoke.

Kipepeo wa magharibi yupo mwaka mzima, ila kwa sura mbili. Wakati wa mvua upande wa chini wa mabawa yake huwa na madoa ya duara kama macho. Kiangazi madoa hayo hufifia na bawa lote huwa rangi ya jani lililokufa. Ukimtaka akiwa jani, mfuate kiangazi.

Onyo: misitu ya hifadhi kama Amani, Arabuko-Sokoke au Jozani haiingiwi usiku kiholela. Pitia ofisi ya hifadhi, lipa kinachotakiwa, uongozane na mwongozaji anayeijua njia.

## Hatua ya 2: Mchana, jifunze jani lenyewe

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo iliyonifungua macho mimi.

Chagua mmea mmoja tu. Kaa mbele yake robo saa, uangalie majani yake yameotaje. Mpera, kwa mfano, huota majani mawili mawili, yakitazamana kwenye kila kifundo cha tawi. Mlimau hupishanisha: moja huku, jingine kule. Mwembe hukusanya majani yake karibu na ncha. Kila mmea una kawaida yake na hauivunji ovyo.

Mdudu hajui kawaida hiyo. Anajua kufanana na jani, basi. Hajui kukaa pale jani linapoota.

Siku moja tulikuwa nyuma ya jiko, mimi na binti wa kaka yangu, mtoto wa miaka minane. Nilikuwa nimeshaukagua mpera ule nikakata tamaa. Akaniita: "Shangazi, mbona hapa majani ni matatu?" Nikasogea. Kifundo kile kilikuwa na majani mawili kama vingine vyote, na juu yake la tatu, limelala sambamba na tawi, bila kikonyo. Nikaweka uso karibu. Upande mmoja wa "jani" hilo ulikuwa na nyuzi mbili nyembamba kuliko unywele, zimenyooshwa mbele na kubanwa pamoja. Vipapasio. Alikuwa pale muda wote ninamtazama.

Kwa hiyo andika daftarini: majani huota vipi, vikonyo vina urefu gani, mshipa wa kati unaelekea wapi, jani likikauka hukunjamana au hubaki bapa.

Utajua umefanikiwa pale ambapo, ukitazama tawi lolote la mmea huo, unaweza kusema bila kulihesabu kwamba hapa pamezidi jani au pamepungua.

## Hatua ya 3: Soma alama za meno

Panzi-jani anakula. Anaweza kuficha mwili, ila jani alilolila haliwezi kufichika.

Tafuta majani yaliyoliwa kuanzia ukingoni. Kisha tazama ukingo wenyewe kwa karibu. Ukiwa wa kahawia na mkavu, jeraha ni la zamani na mlaji huenda ameshahama. Ukiwa wa kijani na bado una unyevu, ameula jana usiku, na huenda yupo umbali wa mkono wako.

Ukiona mstari wa ute unaong'aa, huyo ni konokono, achana naye. Ukiona jani limebaki mishipa mitupu na pembeni pana utando, huyo ni kiwavi.

Kama bado una shaka, tandaza shuka jeupe chini ya mmea wakati wa magharibi, uligandamize kwa mawe, ulitazame asubuhi. Kinyesi cha panzi-jani ni vipunje virefu vyembamba. Cha kiwavi mara nyingi ni kifupi na kinene kama pipa dogo, na ukikikuza utaona mifuo. Vikiwa vibichi, inua kichwa uangalie tawi lililo juu yake moja kwa moja, kisha ulifungie kitambaa chekundu upate kulikumbuka usiku.

## Hatua ya 4: Rudi usiku, na ubadilishe mwanga

Kwa nini usiku? Mchana panzi-jani hutulia kabisa, miguu ameibana na vipapasio amevinyoosha, na jua likipiga kutoka juu kila jani linang'aa sawa na jingine. Usiku anatembea, anakula, anajisafisha vipapasio kwa mdomo. Jani linalotembea ni rahisi kuliona.

Toka kati ya saa mbili na saa nne usiku, mvua ikiwa imekatika na upepo umelala. Kichaka kimoja kipe dakika kumi nzima. Anayepita vichaka ishirini kwa nusu saa hataona kitu; nimelishuhudia hilo mara nyingi mno.

Sasa tumia mianga mitatu, mmoja baada ya mwingine.

Mwanga wa usoni. Tochi ya kichwani iko karibu na macho yako, kwa hiyo macho ya wanyama wadogo hukurudishia mng'ao. Buibui na nondo utawatambua kwa njia hii, uwatenge. Panzi-jani humtegemei kwa mng'ao. Hapa unapata tu ramani ya kichaka.

Mwanga wa ubavuni. Zima ya kichwani. Shika ile ndogo mkono ukiwa umenyooka pembeni, ummulike mmea kwa upande. Majani ya kweli yatatupa vivuli bapa. Jani lenye miguu litatupa na vivuli vya miguu, vyembamba, vimepinda kwenye goti. Mara nyingi utakiona kivuli kabla ya kumwona mwenyewe.

Mwanga wa nyuma. Hapa ndipo penye siri. Pitisha mkono upande wa pili wa kichaka, ummulike kuelekea kwako, wewe ukitazama kutoka mbele. Jani la kweli hupitisha mwanga karibu sawasawa, kijani angavu, na mishipa inaonekana. Mabawa ya panzi-jani nayo hupitisha mwanga, lakini katikati kuna tumbo, na tumbo halipitishi. Utaona jani zuri la kijani lenye bonge jeusi refu ndani yake, kama punje iliyo ndani ya ganda la choroko. Mti hauna jani la namna hiyo.

Onyo la kwanza: usitie mkono mahali ambapo jicho halijatangulia. Misitu na vichaka vya pwani vina nyoka mwembamba wa rangi ya kijiti, jamii ya *Thelotornis*, anayetulia mwili ukiwa umenyooka kama tawi. Sumu yake huzuia damu kuganda, na haina dawa maalumu ya kuipinga iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ukiona kijiti kinachokutazama, rudi nyuma taratibu.

Onyo la pili: tochi huita wadudu. Akikutua kile kimdudu chembamba chenye mapande mekundu na meusi, kile kinachobabua ngozi, usimpondeponde. Maji ya mwili wake ndiyo yanayounguza. Mpulize aondoke, kisha osha mahali hapo kwa sabuni.

## Hatua ya 5: Macho yakishindwa, sikiliza

Dume la panzi-jani huimba kwa kusugua mabawa ya mbele. Wengine hutoa mlio mfupi mmoja, *tsip*, kisha kimya kirefu. Wengine hukwaruza kama anayechana kitana kwa ukucha.

Kazi hii inafaa watu wawili. Simameni umbali wa hatua sita, kila mmoja aweke viganja nyuma ya masikio, na mkisikia mlio kila mmoja anyooshe mkono kuelekea ulikotoka. Mikono inapokutana ndipo alipo. Sogeeni hatua mbili. Atanyamaza. Zimeni tochi msubiri, hata dakika tano, bila maneno. Akianza tena, pimeni upya.

Anayeharakisha hatua hii anaishia kutikisa kichaka, na kikishatikiswa huimbiwi tena usiku huo.

## Hatua ya 6: Kivunjajungu, mfuate kwenye majani makavu

Huyu watu humkosa kwa sababu wanamtafuta kwenye majani mabichi. Wapo wa kijani, lakini wengi ni wa kahawia, wengine karibu weusi. Unyevu na mwanga wa mahali alipokulia huchangia rangi hiyo.

Tafuta tawi lililovunjika likakauka na bado linaning'inia kwenye kichaka. Au jani la mgomba lililokufa likagusa mmea wa jirani. Hapo hukaa kichwa chini, miguu ya mbele ameikunja kifuani, akingoja nzi apite.

Usiguse. Puliza pumzi nyepesi kutoka mdomoni. Majani makavu yatatikisika na kutulia mara moja. Yeye ataendelea kuyumba, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama anayesukumwa na upepo uliokwisha kupita. Kuyumba huko ndiko kunakomlinda majani mengine yanapochezacheza, na ndiko kunakomfichua kwako.

Usipoona kitu baada ya kupuliza tawi zima, tumia shuka. Litandaze chini, gonga tawi kwa fimbo mara moja, kavu, kisha usubiri. Usigonge mfululizo, matawi yatavunjika na wadudu wataumia. Takataka zitaanguka, na kwa nusu dakika hakuna kitakachosogea, kwa sababu naye amejifanya takataka. Watu wengi hapo hukung'uta shuka na kuondoka. Ngoja dakika mbili nzima, halafu hesabu makavu yanayotembea.

## Hatua ya 7: Kipepeo, muite kwa ndizi

Ponda zile ndizi nne, zifunike kwenye chombo siku mbili au tatu mpaka zinuke uchachu. Kipepeo huyu hupenda matunda yaliyochacha, ndiyo maana huwaona chini ya miembe wakati maembe yanaoza.

Mwaga chambo kwenye sahani kuukuu, uiweke kivulini juu ya jiwe lililozungukwa na maji kidogo ili siafu wasiimalize. Fika saa kumi na moja na nusu jioni. Jua likizama hadi giza linapoingia ndio wakati wake wa kuruka.

Ataruka kwa mtindo wa kujikwaa, chini chini, kisha ataanguka kati ya majani makavu na kutoweka. Hapo usimkimbilie. Kaza macho mahali pale pale alipoangukia, uweke alama ya kitu, kijiwe au mzizi, na usogee ukiwa umechuchumaa. Ukipepesa macho ukaangalia pembeni umempoteza.

## Hatua ya 8: Hakikisha uliyemwona

Vipapasio vyembamba virefu kuliko mwili: ni jamii ya senene. Kama ni vifupi na vinene, ni panzi wa kawaida wa kijani. Ukimpata kwa mwanga mzuri, tazama miguu ya mbele ya panzi-jani, chini kidogo ya goti. Utaona tundu dogo au ufa. Hayo ni masikio yake.

Nyuma ya mwili ukiona kitu kama kisu kifupi kilichopinda, huyo ni jike, na kisu hicho ni cha kutagia mayai. Hachomi.

Onyo: usimshike kwa mguu wa nyuma. Mwaka wangu wa kwanza nilimshika mmoja hivyo, mguu ukabaki vidoleni mwangu na mwenyewe akaanguka majanini. Hukuuvuta wewe, anauachia mwenyewe ili ajiokoe, na kwa aliyekwisha komaa hauoti tena. Ukihitaji kumwangalia, weka kopo mbele yake na umguse nyuma kwa ncha ya jani. Ataingia kwa miguu yake. Dakika tano zinatosha.

## Hatua ya 9: Picha, kumbukumbu na kumrudisha

Piga picha nne: ubavu, mgongo, uso, na moja ya mbali inayoonyesha tawi zima. Zima mwako (flash) wa kamera ya simu. Hugeuza kila kijani kuwa cheupe. Mwombe mwenzako amulike kwa ubavuni. Picha moja iwe na rula pembeni.

Andika tarehe, saa, mmea, kimo kutoka ardhini, na kama mvua ilinyesha siku hiyo. Ukiwa na intaneti, pandisha kwenye iNaturalist, tovuti ya picha za viumbe. Wapo watu huko wanaowajua wadudu hawa na watakusaidia jina.

Mrudishe kwenye tawi lile lile, upande ule ule. Kisha rudi saa moja asubuhi kabla jua halijakolea. Mara nyingi hajaenda mbali. Safari hii atakuwa ametulia, miguu imebanwa, vipapasio mbele, amekuwa jani kamili, nawe utamwona bila tochi. Piga picha ya tawi hilo, umwite mtu wa nyumbani. Usimwonyeshe kwa kidole. Mwambie ahesabu majani.